Swichi Chini ya Kidole Gumba: Mkono wa Nahodha Usiondoke kwenye Kasi

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Sagana na fundi wa injini za boti mbele ya wakazi, vijana wanaofanya kazi mtoni na wahudumu wa kujitolea wa uokoaji. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti, hasa wakati huu wa kujiandaa kwa mvua ndefu.

Nimeombwa nizungumze kuhusu boti za injini, na hasa kuhusu swichi moja ndogo. Najua kuna atakayejiuliza, boti za injini na Sagana vinahusiana vipi? Hapa mto wetu una mawe na maporomoko. Wageni wanakuja kushuka nao kwa boti za mpira na kasia, siyo kwa injini. Ni kweli. Lakini nitawaeleza kwa nini somo hili linaanzia hapa.

Maji yetu hayaishii Sagana

Maji yanayopita chini ya daraja letu yanatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Yakitoka hapa yanaendelea kama mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, na kuingia bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981. Kutoka Masinga yanapita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yanateremka Garissa, Hola na Garsen hadi baharini. Mto Thiba nao, unaonywesha mashamba ya mpunga ya Mwea, unamwaga maji yake huko huko.

Vijana wengi wa hapa wanaojua maji hawakai hapa mwaka mzima. Wengine wanafanya kazi ya kubeba watu na samaki Masinga. Wengine wako Naivasha, wengine wameteremka Pwani. Huko kote ni boti za injini. Na mafuriko yakija, wanaoitwa kwanza kusaidia ni watu wanaojua maji, nao ni ninyi.

Mnakumbuka Aprili na Mei mwaka 2024. Mvua ilinyesha, mabwawa ya Seven Forks yakajaa, maji yakamwagika kuelekea chini. Mwishoni mwa Aprili, boti iliyobeba watu ilizama karibu na Madogo, mpakani mwa kaunti za Garissa na Tana River, mahali ambapo mafuriko yalikuwa yamekata barabara. Watu walipoteza maisha. Sisemi ajali ile ilisababishwa na jambo nitakalolizungumzia leo. Nasema hivi: maji yaliyokata barabara kule yalikuwa na maji yetu ndani yake, na boti ilikuwa ndiyo njia ya pekee ya watu kuvuka. Siku kama hiyo ikija tena, anayeendesha boti lazima awe na boti inayomtii.

Trimu ni nini?

Injini ya boti ndogo inafungwa nyuma, kwenye ubao wa mwisho. Haikufungwa ikakazwa moja kwa moja. Inaweza kuinamishwa, sehemu ya chini ikaingia karibu na boti au ikatoka mbali nayo. Kuinamisha huko ndiko mafundi wanakokuita trimu.

Ukiishusha injini na kuiingiza ndani, propela inasukuma nyuma ya boti juu, na pua inashuka. Ukiitoa nje kidogo, pua inainuka. Basi, hiyo ndiyo trimu. Lakini mambo mengi yanategemea pembe hiyo ndogo.

Unapoanza safari, injini iwe chini. Pua haitapanda juu mpaka ukashindwa kuona mbele, na boti itapanda juu ya maji upesi. Ukishapata kasi, unaitoa nje kidogo. Boti inakuwa nyepesi, inaburura maji kidogo, na mafuta yanatumika kidogo. Mawimbi yakikujia usoni, unaishusha tena ili pua iyakate. Unapokata kona, unaishusha pia, kwa sababu propela iliyo juu sana inavuta hewa badala ya maji, injini inalia bila kusukuma, na kona inakushinda.

Ukikosea upande mmoja, yaani umeitoa injini nje kupita kiasi, pua inaanza kuruka na kuanguka, kuruka na kuanguka. Usukani unakuwa mwepesi kama umeshika hewa. Ukikosea upande wa pili, injini iko ndani kabisa na una kasi kubwa, pua inachimba maji. Boti inaweza kugeuka ghafla yenyewe, na aliyekaa pembeni akatupwa nje.

Sasa fikirieni boti ya uokoaji. Inakwenda ikiwa na watu wawili. Inarudi na wanane, mmoja ni mama mjamzito, mwingine ni mzee asiyeweza kukaa ila mbele. Uzito umebadilika, na mahali uzito ulipokaa pamebadilika. Pembe iliyofaa wakati wa kwenda haifai wakati wa kurudi. Boti ya kutalii inaweza kuendeshwa siku nzima na trimu moja. Boti ya uokoaji haiwezi.

Kuna jambo lingine. Maji ya mafuriko hayana ramani. Chini yake kuna ua wa mtu, nguzo, kisiki cha mwembe, barabara. Unapita mahali penye kina cha mita tatu, hatua chache mbele ni nusu mita. Hapo unahitaji kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kupunguza kasi na kuinua injini.

Mkono wa tatu haupo

Nahodha ana mikono miwili. Mmoja uko kwenye usukani, mwingine uko kwenye mkono wa kasi, ule wa kusukuma mbele na kurudisha nyuma. Boti nyingi za zamani, na zile zilizounganishwa kwa vipande vya hapa na pale, zina swichi ya trimu mbali: kwenye dashibodi, au ubavuni mwa injini yenyewe kule nyuma. Ili uibonyeze, lazima uache kitu. Ukiacha usukani, boti inajielekeza. Ukiacha mkono wa kasi, huwezi kupunguza mwendo utakapohitaji.

Hebu tupige hesabu. Boti ikienda kilomita 40 kwa saa, inakwenda mita 11 kila sekunde. Sekunde mbili za kutafuta swichi ni mita 22. Hizo ni kama matatu nne za abiria 14 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Umbali wote huo, mkono wako haupo kwenye kasi na macho yako hayapo kwenye maji. Kisiki hakingoji.

Dawa yake ni kuweka swichi pale ambapo mkono uko tayari. Boti nyingi mpya zinatoka kiwandani na swichi kwenye kichwa cha mkono wa kasi, chini ya kidole gumba. Nahodha anapunguza kasi kwa kiganja na kuinua injini kwa kidole. Ile ambayo haikuja nayo inaweza kuongezewa. Ni kazi ya siku moja kwa fundi makini. Lakini ikifanywa vibaya, inaleta hatari ambayo haikuwepo.

Kwanza jua ulicho nacho

Injini nyingi ndogo kwenye maziwa na mabwawa yetu hazina trimu ya umeme. Zina pini. Pembe inachaguliwa kwa kutoa pini kwenye tundu moja na kuitia kwenye lingine, injini ikiwa imezimwa. Kama yako ni ya namna hiyo, usitafute swichi, kwa maana hakuna kitu cha kuwasha. Kazi yako ni kuchagua tundu linalofaa mzigo wako kabla ya kuondoka, na kuwapanga abiria wasijazane mbele wala nyuma. Ukibeba mzigo mwingine, simama ufukweni, zima injini, badilisha.

Injini yenye trimu ya umeme utaijua. Ukibonyeza swichi, unasikia mota ndogo ikilia, kisha injini inapanda au inashuka polepole. Mota hiyo inazungusha pampu ya mafuta ya hidroliki, na pampu ndiyo inayosukuma injini. Mota inakula umeme mwingi, kwa hivyo umeme wake haupiti kwenye swichi. Unapita kwenye rilei mbili karibu na injini, moja ya kupandisha na moja ya kushusha. Swichi yako kazi yake ni kuiamsha rilei tu. Ndiyo sababu nyaya za swichi ni nyembamba, na ndiyo sababu inawezekana kuongeza swichi ya pili bila kugusa nyaya nene za mota.

Kutoka kwenye swichi utakuta nyaya tatu. Mmoja unaleta umeme kutoka kwenye betri, mara nyingi ni mwekundu. Wa pili unaamsha rilei ya kupandisha, wa tatu rilei ya kushusha. Katika injini nyingi wa kupandisha ni wa bluu na wa kushusha ni wa kijani. Ni rahisi kukumbuka: mbingu iko juu, majani yako chini. Lakini usiamini rangi peke yake. Boti iliyopita mikononi mwa mafundi watatu ina rangi za mafundi watatu. Fungua kitabu cha injini, kisha thibitisha kwa mita ya umeme.

Kazi yenyewe

Nitaieleza kwa mpango, na vijana mnaweza kuandika.

La kwanza, boti iwe nchi kavu, injini imezimwa, na betri imefunguliwa upande wa hasi. Fungua vifuniko hewa ipite. Mvuke wa petroli hukaa chini ya boti, na cheche moja ya waya inatosha kuuwasha.

La pili, chagua mahali pa swichi. Keti pale nahodha anapoketi. Shika mkono wa kasi kama unavyoushika ukiwa safarini. Kidole gumba kinafika wapi bila kiganja kuachia? Hapo ndipo mahali pake. Watengenezaji wengine wanauza kichwa cha mkono wa kasi chenye swichi ndani yake, na hicho ndicho bora kama kinaingiana na chako. Kama hakipatikani, funga kiboksi kidogo kwenye shingo ya mkono kwa kibanio. Usitoboe mkono wenyewe ukaudhoofisha, na usitoboe kisanduku cha chini bila kujua kebo za gia na za kasi zinapita wapi.

La tatu, swichi iwe ya aina inayofaa. Iwe inarudi katikati yenyewe unapoiachia. Upande mmoja ipandishe, upande wa pili ishushe, katikati isifanye kitu. Swichi inayobaki pale ulipoiweka, kama ya taa ya nyumbani, haifai hata kidogo. Utaisahau, na injini itaendelea kupanda mpaka itoke majini. Iwe pia imezibwa maji yasiingie.

La nne, unganisha swichi mpya sambamba na ya zamani: mwekundu kwa mwekundu, wa kupandisha kwa wa kupandisha, wa kushusha kwa wa kushusha. Usiitoe ile ya zamani. Mpya ikiharibika katikati ya maji, ya zamani itakurudisha nyumbani.

La tano, tumia waya wa boti, wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba zilizopakwa bati. Waya mgumu wa nyumba utavunjika ndani kwa ndani, kwa sababu mkono wa kasi unakwenda na kurudi mamia ya mara. Ngozi ya waya itabaki nzima na utashangaa umeme umekwenda wapi. Pale mkono unapojipinda, acha waya uwe na mzunguko mdogo wa ziada ili usivutwe. Ufunge usiguse meno wala kebo.

La sita, viungio. Usisokote nyaya na kuzifunga kwa utepe wa fundi umeme. Tumia viungio vya kubana, kisha vika mpira unaojibana ukipata joto, ule wenye gundi ndani. Kila kiungio kiwe mahali pakavu, na waya uingie ukitokea chini, ili tone la maji lianguke badala ya kutiririka hadi kwenye kiungio.

La saba, fyuzi. Waya unaoleta umeme upite kwenye fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha injini. Fyuzi ikiungua, kuna sababu. Tafuta sababu. Usiweke kubwa zaidi, na tafadhali, usiweke kipande cha waya.

La nane, usiguse mambo mawili. Ndani ya kisanduku cha mkono wa kasi kuna swichi inayozuia injini kuwaka ikiwa iko kwenye gia. Karibu nayo kuna swichi ya kamba ya usalama. Nyaya zake zinaweza kufanana na zako. Ukizikata au kuziunganisha kimakosa, utakuwa umeongeza swichi moja ya usalama na kuua mbili.

Kujaribu kabla ya kuamini

Ukimaliza, usikimbilie majini. Haraka haraka haina baraka. Rudisha betri. Hakikisha hakuna mtoto wala mtu aliyesimama nyuma ya boti. Bonyeza kupandisha: injini ipande. Bonyeza kushusha: ishuke. Achia: isimame papo hapo. Ikiendelea baada ya kuachia, rilei imekwama. Zima swichi kuu ya betri, na usiende popote kabla ya kuibadilisha. Ndiyo maana kila anayeendesha boti hiyo lazima ajue swichi kuu ya betri iko wapi, hata gizani.

Kisha, injini ikiwa bado imezimwa, sukuma mkono wa kasi mbele hadi mwisho, urudishe katikati, uvute nyuma hadi mwisho. Fanya hivyo mara 20 huku mwenzako akiangalia waya. Ukibanwa hata mara moja, ufunge upya. Jaribu kuwasha injini ikiwa kwenye gia: isikubali. Ukiwa majini, injini ikinguruma pole pole katikati bila gia, chomoa kamba ya usalama: injini izime.

Safari ya kwanza iwe ya watu wawili tu, maji matulivu, jaketi za kuokoa maisha zimevaliwa. Ongeza kasi kidogo kidogo. Gusa swichi kwa mguso mfupi, usubiri boti ijibu, kisha uguse tena. Trimu inajibu polepole, na mtu mwenye haraka huipita. Angalia maji ya kupoza yanayotoka kwa kijitundu pembeni mwa injini. Yakikatika, umeinua mno. Injini inameza hewa, na itaungua.

Kamba ya usalama

Siwezi kuzungumzia mkono wa nahodha bila kuzungumzia kamba hii. Ni kamba fupi, mara nyingi nyekundu. Upande mmoja unaingia kwenye swichi, upande wa pili unafungwa mguuni au kwenye jaketi la nahodha. Nahodha akianguka, kamba inachomoka na injini inazima.

Mwezi Mei 2013 huko Padstow, Uingereza, familia ya watu sita ilikuwa kwenye boti ya kasi. Boti ikageuka ghafla, wote sita wakatupwa majini. Kamba haikuwa imefungwa kwa aliyekuwa akiendesha. Boti haikuzima. Iliendelea kuzunguka bila mtu na kuwagonga waliokuwa majini. Baba na binti yake mdogo walifariki, na wengine walijeruhiwa vibaya. Boti ilikuwa nzuri na kamba ilikuwemo. Kilichokosekana ni kuifunga.

Kwa hivyo nawaambia: kama una pesa ya jambo moja tu, na kamba yako ya usalama imekatika, nunua kamba kwanza. Swichi ya trimu itafuata.

Sehemu ya kaunti na sehemu ya mwananchi

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya feri na bandari ndogo, na pia kazi ya zimamoto na kukabiliana na majanga. Usajili na ukaguzi wa vyombo, pamoja na vyeti vya manahodha, viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, ambayo kazi yake inafika pia kwenye maziwa, mito na mabwawa ya bara. Basi boti iliyosajiliwa ikibadilishwa kwenye vidhibiti vyake, mwonyeshe mkaguzi ulichofanya. Si kwa kuogopa. Jicho la pili linaona kile jicho la fundi limezoea kupita.

Na ninyi wananchi mna sehemu yenu. Kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti, tumezoea kuuliza, je, boti itanunuliwa? Ulizeni pia: swichi ya trimu iko wapi? Kamba ya usalama ngapi za akiba? Nani amefunzwa kuiendesha, na alifunzwa kwenye boti hii au nyingine? Kuagiza boti yenye swichi mahali pake tangu mwanzo ni rahisi kuliko kuiongeza baadaye. Mstari mmoja kwenye maelezo ya zabuni unatosha. Na kama boti ziko mbili, ziwe na swichi mahali pamoja, ili nahodha akihamishwa usiku wa mafuriko kidole chake kisitafute.

Maswali

*Mzee mmoja aliuliza kama haitoshi nahodha awe na msaidizi wa kubonyeza swichi ya dashibodi.*

Asante, mzee. Inasaidia, na kama boti ni ya zamani, fanyeni hivyo kwa sasa. Lakini msaidizi kwenye boti ya uokoaji ana kazi yake. Yeye ndiye anayevuta watu kutoka majini na kuangalia magogo mbele. Tena, nahodha lazima aseme, msaidizi asikie, kisha atende. Kwenye kelele za injini na mvua, maneno yanapotea.

*Kijana mmoja aliuliza kama anaweza kutumia swichi ya dirisha la gari, kwa sababu inapatikana kila duka la vipuri.*

Umefikiri vizuri, maana nyingi zinarudi katikati zenyewe. Tatizo ni kwamba imetengenezwa kukaa ndani ya mlango mkavu. Ikilowa inashika kutu, na ikishika kutu inaweza kukwama ikiwa imebonyezwa. Tafuta iliyozibwa. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko bei ya injini, na ni ndogo zaidi kuliko bei ya mtu.

*Mama mmoja aliuliza abiria wa kawaida, asiyejua injini, aangalie nini kabla ya kupanda.*

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Mama, angalia mambo manne. Kuna jaketi la kila mtu, na unapewa uvae, siyo ukalie? Watu hawajazidi idadi iliyoandikwa kwenye boti? Kamba ya usalama imefungwa kwa nahodha, au inaning'inia tu? Na boti ikiondoka, mikono ya nahodha iko wapi? Ukimwona anaachia usukani au kasi kila mara akipapasa kitu dashibodini, mwambie apunguze mwendo. Usione haya. Wewe ndiye umekaa ndani.

Ndugu zangu, wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mvua haijaanza, boti ziko kavu, na betri zinaweza kufunguliwa bila wasiwasi. Wakati wa kufanya kazi hii ni sasa. Wenye boti leteni, tuziangalie moja baada ya nyingine hapa nje.